Alama 65 Iliyopata Gredi Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Masharti katika Programu ya Mwanzo

## Usuli

Kisa hiki kilitokea katika darasa la jioni la programu kwa wanaoanza, kwenye kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta mjini Moshi. Mhusika mkuu ni mama wa makamo anayefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya taaluma ya shule moja ya sekondari ya kata, upande wa mlimani. Hapa ataitwa Karani. Jina lake, la shule yake na la kituo yameondolewa, na alama zinazoonekana humu si za mwanafunzi yeyote halisi, ingawa zimepangwa kwa namna ileile iliyoibua tatizo. Wengine wanaotajwa ni mkufunzi wa darasa, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, na wanadarasa wawili waliokaa naye meza moja.

Karani hakuwa mgeni wa kazi iliyokuwa ikigeuzwa kuwa programu. Kila muhula karatasi za alama hupita mikononi mwake, naye huandika gredi pembeni ya kila alama bila kusita. 65 kwake ni B kabla macho hayajaiacha namba. Ujuzi huo ulimsaidia kutambua haraka kwamba matokeo ya programu yake yalikuwa mabaya, lakini pia ndio uliomficha kasoro, kwa sababu mtu aliyeizoea kanuni kwa miaka huacha kuziona sehemu zake ndogondogo, na hizo ndizo ambazo mashine haiwezi kuzikisia.

Lugha ya programu iliyotumika ni Python toleo la 3. Darasa lilikuwa limekwisha kujifunza vigeu, yaani majina yanayohifadhi thamani, kupokea data kwa `input`, na matumizi ya `if` (kama) pamoja na `else` (vinginevyo). Amri ya `elif` ilikuwa imetajwa juujuu tu, na kitanzi cha `for`, kinachorudia kazi ileile kwa kila kilichomo kwenye orodha, kilikuwa kimeanza kufundishwa wiki hiyohiyo.

## Zoezi lenyewe

Sehemu ya kwanza ya zoezi iliomba programu inayopokea alama ya somo moja na kuandika gredi yake kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania vya kidato cha nne: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Sehemu ya pili iliomba kazi hiyohiyo ifanywe kwa orodha ya alama za darasa zima. Karatasi ya zoezi ilitoa alama tano za kujipimia, yaani 80, 70, 50, 40 na 10, pamoja na gredi inayotarajiwa kwa kila moja. Msomaji aziangalie vizuri alama hizo kabla ya kuendelea, kwa kuwa zote zimekaa katikati ya viwango vyake na hakuna hata moja iliyo mpakani.

## Mfuatano wa matukio

Kosa la kwanza lilikuwa jepesi. Karani alipokea alama kwa `input` na kuilinganisha moja kwa moja na 75, Python ikakataa kwa ujumbe wa `TypeError`, kwa kuwa kinachorudishwa na `input` ni maandishi, si namba. Aliongeza `int`, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, na mambo yakasonga. Inafaa kutaja kwamba ukali huu ni wa toleo la 3, lililotoka mwaka 2008. Toleo la 2 lililinganisha maandishi na namba bila kulalamika, na liliyahesabu maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo alama 10 iliyopokewa kama maandishi ingepata A bila mtu kushtuka. Tofauti kati ya kosa linalopiga kelele na kosa linalonyamaza itarudi katika kisa hiki, tena kwa uzito zaidi.

Karani alikuwa na desturi, ambayo huenda aliitoa ofisini, ya kutofuta kazi ya awali. Kila alipobadilisha msimbo, yaani maandishi ya programu, alihifadhi faili jipya, gredi1, gredi2 na kuendelea, na ni kwa sababu hiyo mfuatano unaweza kusimuliwa hapa bila kubahatisha. Gredi1 ilikuwa hivi:

```
alama = int(input("Ingiza alama: "))

if alama > 75:
    gredi = "A"
if alama > 65:
    gredi = "B"
if alama > 45:
    gredi = "C"
if alama > 30:
    gredi = "D"
else:
    gredi = "F"

print(gredi)
```

Aliingiza 80 na kupata D. Aliingiza 50 na kupata D. Msimbo huu una maswali manne yanayojitegemea, si swali moja lenye majibu matano. Kwa alama 80, masharti yote manne ni ya kweli: `gredi` inapewa A, kisha A inafutwa na kuwekwa B, kisha C, kisha D, na D ndiyo inayokutwa na `print`. Kila aliyezidi 30, awe na 31 au 100, anatoka na D. Karani mwenyewe alisema kwamba mashine "inachukua ya mwisho", na kwa kweli alikuwa karibu sana na ukweli. Tiba aliyoichagua, hata hivyo, haikugusa chanzo hicho. Aliona kwamba 80 isingepaswa kuingia katika sharti la B, akaweka ukomo wa juu kwenye kila sharti:

```
if alama > 75:
    gredi = "A"
if alama > 65 and alama < 75:
    gredi = "B"
if alama > 45 and alama < 65:
    gredi = "C"
if alama > 30 and alama < 45:
    gredi = "D"
else:
    gredi = "F"
```

Hii ni gredi2. Sasa 80 ilipata F, 70 ikapata F, na 50 ikapata F. "Mwalimu, hii mashine leo imeamua kuwafelisha watoto wote," Karani alisema, naye mkufunzi akamjibu, "Mama, si wote. Jaribu 40." Alama 40 ilipata D, sawasawa kabisa. Jambo hilo lilimchanganya zaidi, kwa sababu programu iliyokuwa ikikosea kila mahali ilikuwa imepatia mahali asipopatarajia.

Maelezo yake yako kwenye `else`. Neno hilo halijui chochote kuhusu `if` tatu za juu. Ni mwenza wa `if` ya mwisho peke yake. Alama 80 inapewa A kwenye sharti la kwanza, inapita la pili na la tatu bila kuguswa, inafika kwenye la nne, na kwa kuwa 80 haiko kati ya 30 na 45, `else` inaifuta A na kuweka F. Ni walio kati ya 31 na 44 pekee waliookoka. Aliyepata 10 alipewa F anayostahili, ila kwa njia ileile iliyompa F mwenye 80.

Karani alitambua kwamba `else` ndiyo iliyoharibu, lakini hakutambua ni kwa nini. Aliiondoa na kuweka mahali pake `if alama < 30`, akahifadhi gredi3, kisha akaingiza alama zote tano za karatasi ya zoezi. Zilitoka A, B, C, D na F. Aliweka alama ya vema pembeni ya sehemu ya kwanza na kuanza sehemu ya pili.

Katika sehemu ya pili aliuweka msimbo wa gredi3 ndani ya kitanzi, na badala ya `input` akatumia orodha:

```
orodha = [82, 65, 48, 75, 30, 12, 65, 70]

for alama in orodha:
    if alama > 75:
        gredi = "A"
    if alama > 65 and alama < 75:
        gredi = "B"
    if alama > 45 and alama < 65:
        gredi = "C"
    if alama > 30 and alama < 45:
        gredi = "D"
    if alama < 30:
        gredi = "F"
    print(alama, gredi)
```

Programu ilienda hadi mwisho bila ujumbe wowote wa kosa, na kioo kikaonyesha hivi:

```
82 A
65 A
48 C
75 C
30 C
12 F
65 F
70 B
```

Aliyeona kasoro hakuwa Karani. Kijana aliyekaa kuliani kwake aliinama kwenye kioo na kumuuliza, "Mama, mbona hawa wawili wote wana 65, huyu umempa A na yule umempa F?" Karani alidhani amekosea kuandika, akaifuta orodha na kuiandika upya, jibu likawa lilelile. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye: aliihamisha 65 ya pili kutoka mahali pake na kuiweka baada ya 48. Ikapata C. Aliihamisha tena hadi mwanzo kabisa wa orodha, na safari hii programu haikuandika chochote. Ilianguka kwenye mstari wa `print` kwa ujumbe wa `NameError`, ikidai kwamba `gredi` haijawahi kuwekwa.

Alama ileile, kwa hiyo, ilikuwa imepata A, F, C na hatimaye kukosa jibu kabisa, kwa kutegemea aliyetangulia kwenye orodha. Karani alisema kwamba karatasi ya namna hiyo ikitoka ofisini kwake, kesho yake mzazi atakuwa mlangoni.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Mapendekezo matatu yalikuwa mezani wakati huo.

Kijana wa kuliani alipendekeza kuongeza mistari minne ya kushughulikia alama za mpakani peke yake, kama vile `if alama == 75`, na vivyo hivyo kwa 65, 45 na 30. Lazima isemwe kwa haki kwamba pendekezo hili lingefanya kazi. Programu ingetoa gredi sahihi kwa kila alama kuanzia 0 hadi 100. Mkufunzi alilikataa kwa sababu mbili: mpaka mmoja, tuseme 65, ungekuwa umeandikwa mahali patatu ndani ya msimbo, na siku viwango vikibadilika mtu angesahau mahali pamojawapo, na pili, ambayo naiona kuwa na uzito zaidi, Karani angekuwa ameziba shimo la nne bila kujua kinachochimba mashimo.

Mwanadarasa wa pili alipendekeza kuweka `gredi = ""` mwanzoni mwa kitanzi ili gredi ya mwanafunzi aliyetangulia isibaki. Mkufunzi alilikubali pendekezo hili, lakini kama kipimo na si kama tiba, na badala ya maandishi matupu aliomba ziwekwe alama mbili za kuuliza. Kitanzi cha Python hakifuti ubao kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Kigeu kinabaki na thamani yake ya mwisho hadi kipewe nyingine. Mara tu alama za kuuliza zilipowekwa, mistari minne kati ya minane ilionyesha `??`: ile miwili ya 65, wa 75 na wa 30. Nusu ya orodha ilikuwa haina gredi tangu mwanzo, na ilikuwa ikijisitiri kwa gredi za majirani.

Pendekezo la tatu lilikuwa la mkufunzi mwenyewe kuandika `elif` na kumaliza shauri. Hakufanya hivyo. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba Karani alikuwa amekwisha badilisha msimbo mara tatu kwa kutazama jibu lililokosewa na kuugusa mstari ulioonekana kulihusu, na kwamba `elif` aliyopewa mkononi ingekuwa badiliko la nne la aina hiyohiyo. Badala yake aliomba kompyuta mpakato ifungwe na ikaletwa karatasi ya manila.

Juu ya manila Karani alichora jedwali. Kwenye safu wima aliandika masharti matano ya gredi3 kama yalivyo, neno kwa neno, bila kuyarekebisha. Kwenye safu mlalo aliandika alama, na hapa ndipo mkufunzi aliposimamia jambo moja tu: alama za katikati zisiandikwe. Ziandikwe za mpakani, na za jirani ya mpaka kwa kila upande, yaani 29, 30, 31, kisha 44, 45, 46, kisha 64, 65, 66, kisha 74, 75, 76, na mwisho 0 na 100. Kila chumba kijazwe K kwa kweli au U kwa uongo, kwa kuisoma alama na sharti tu, bila kufikiria gredi inayostahili. Mashine hufanya hivyohivyo, na kwa mtu mwenye uzoefu wa Karani kujizuia namna hiyo si kazi ndogo; mara kadhaa mkono wake ulitaka kuandika K kwenye safu ya gredi aliyoijua kuwa sahihi.

Alianza kwa 29, akapata K moja upande wa F. Kwa 30 akaandika U mara tano, akadhani amekosea, akarudia. Alipofika 45 kalamu ilisimama. "Mwalimu, hii 45 si zaidi ya 45, wala si chini ya 45. Haina pa kukaa." Kuanzia hapo hakuhitaji kuongozwa. Alizungushia duara 30, 45, 65 na 75, na yeye mwenyewe akasema kwamba alama za `>` zilipaswa kuwa `>=`.

Kuna mkufunzi ambaye angeishia hapo. Gredi3 yenye `>=` kwenye mipaka ya chini ingetoa majibu sahihi. Lakini muda ulikuwapo, na mkufunzi alitaka masharti matano yasomeke kama swali moja. Alieleza `elif` kwa sentensi moja: masharti yanasomwa kutoka juu, la kwanza lililo la kweli linachukua kazi, na yaliyobaki chini yake hayasomwi kabisa. Karani akaifungua kompyuta na kuandika gredi4:

```
if alama >= 30:
    gredi = "D"
elif alama >= 45:
    gredi = "C"
elif alama >= 65:
    gredi = "B"
elif alama >= 75:
    gredi = "A"
else:
    gredi = "F"
```

Alama 80 ilipata D. Alama 50 ikapata D. "Tumerudi kulekule," alisema, na kwa kutazama kioo peke yake alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu gredi1 ilitoa matokeo hayohayo.

Kwangu hii ndiyo sehemu yenye mafunzo mengi kuliko zote katika kisa hiki. Dalili ilikuwa moja na vyanzo vilikuwa kinyume. Katika gredi1 masharti yote yalisomwa na la mwisho lililo la kweli likayafuta yaliyotangulia. Katika gredi4 la kwanza lililo la kweli liliyanyima nafasi yote yaliyofuata. Mtu aliyejifunza kutibu dalili angetafuta aliyofanya mara ya kwanza, yaani kuongeza ukomo wa juu, na kweli ingemsaidia, lakini angetoka akiamini kwamba kasoro zote mbili ni moja. Mkufunzi alirudisha mikono yote kwenye manila. Karani aliandika masharti ya gredi4 kwenye jedwali jipya, akajaza, akaona kwamba mstari wa 76 una K nne, na swali likawa moja tu: kati ya hizo nne, mashine inaichukua ipi? Kwa `if` zinazojitegemea, ya mwisho. Kwa `elif`, ya kwanza. Alichukua kalamu nyekundu, akapitia mistari yote akizungushia K ya kwanza, na zote kuanzia 30 hadi 100 ziliangukia safu ya D.

## Matokeo

Gredi5 aliiandika bila msaada:

```
if alama >= 75:
    gredi = "A"
elif alama >= 65:
    gredi = "B"
elif alama >= 45:
    gredi = "C"
elif alama >= 30:
    gredi = "D"
else:
    gredi = "F"
```

Aliijaribu kwa alama zote za jedwali, kisha kwa orodha ya wanafunzi wanane, kisha akaipangua orodha na kuijaribu tena. Gredi hazikubadilika. Baadaye aliongeza ulinzi dhidi ya alama isiyowezekana, baada ya kuandika 650 kwa kuteleza kidole na kuona A. Mara ya kwanza alitumia `alama < 0 and alama > 100`, sharti ambalo haliwezi kuwa la kweli kwa namba yoyote, na mstari mmoja wa K na U ulimtosha kubadilisha `and` kuwa `or`.

Kipimo cha kweli kilikuja darasa lililofuata, alipopewa zoezi la madaraja ya ufaulu ya kidato cha nne, ambayo huhesabiwa kwa pointi za masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Zoezi hili lina mtego, kwa kuwa hapa namba ndogo ndiyo bora, na aliyekariri gredi5 angenakili `>=` na kuharibu kila kitu. Karani aliandika kwanza kwenye daftari 7, 17, 18, 21, 22, 25, 26, 33, 34 na 35, ndipo akagusa kibodi. Alianza na `pointi <= 17`, akashuka. Hata mpaka wa 33 aliuhakiki kwa njia yake: mwenye C moja na F sita ana 3 na 30, yaani 33, na ofisini anajua kwamba huyo hupata daraja la nne, mwenye D moja na F sita ana 34, na huyo hupata sifuri.

## Uchambuzi

Jambo lililosaidia zaidi ya yote halikuwa jedwali, bali kuhamisha 65 kwenye orodha. Kabla ya hapo Karani alikuwa na jibu baya tu. Baada ya hapo alikuwa na ukweli unaoweza kufuatiliwa: jibu linategemea aliyetangulia. Programu inayopaswa kumtazama mwanafunzi mmoja mmoja ikionekana kubadili jibu kwa sababu ya mpangilio, lazima kuna kitu kinachovuka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, na katika msimbo ule kigeu pekee chenye uwezo huo kilikuwa `gredi`. Ningependa wakufunzi wawafundishe wanaoanza kupangua data mapema, maana haihitaji utaalamu wowote.

Jedwali nalo lilifanya kazi yake kwa sababu lilitenganisha mambo mawili ambayo kichwani mwa Karani yalikuwa kitu kimoja: alichojua na alichoandika. Lina gharama, hata hivyo. Lilikula kipindi karibu chote, na yule mwanadarasa wa pili aliondoka kabla halijakamilika ili awahi usafiri wa kupanda mlimani. Pia halikui vizuri: gredi ikianza kutegemea alama pamoja na mahudhurio, mistari inazidishana, na karatasi moja ya manila haitoshi. Kwa sharti la namba moja, hakuna kifaa bora zaidi ninachokijua.

Alama tano za kujipimia ndizo zilizoshindwa vibaya. Zilimpa Karani kibali cha kuendelea wakati programu yake ilikuwa na mianya minne, na si kwa bahati mbaya: mtu akitunga mfano haraka huchagua namba ya katikati, kwa kuwa jibu lake halina ubishi. Zoezi lenye 75 na 30 kati ya namba zake lingeiangusha gredi3 kwa `NameError` katika sehemu ya kwanza, kabla ya kitanzi, wakati kosa lilikuwa bado linapiga kelele. Kitanzi ndicho kilichoigeuza kelele hiyo kuwa kimya. Katika Java, lugha nyingine ya programu, kigeu kilichotangazwa ndani ya kitanzi na kupewa thamani kwenye `if` zilizotengana namna ile kingeifanya programu ikataliwe hata kabla ya kuanza, kwa maelezo kwamba huenda kigeu hakijapewa thamani. Python haina ulinzi huo, na anayefundisha kwa Python hana budi kuuweka ndani ya mazoezi yake.

Kuhusu `else`, darasa lilifundishwa kwamba ni "vinginevyo", na Karani aliisoma hivyohivyo: vinginevyo kati ya yote ya juu. Mifano yote ya darasani ilikuwa na `if` moja na `else` moja, ambapo usomaji huo haudhuru. Mfano wenye `if` mbili zilizotengana na `else` moja ungeonyesha tofauti kwa dakika tano.

## Suala la nusu alama

Jambo moja lilibaki wazi. Masomo mengine yana karatasi mbili, na wastani wa 64 na 65 ni 64.5. Gredi5 huipa C bila kutetereka. Ofisini kwa Karani nusu hupandishwa, kwa hiyo mwanafunzi huyo angepata B. Alijaribu `round`, amri ya kukadiria hadi namba kamili iliyo karibu, akashangaa kuona 64.5 imekuwa 64, kwa kuwa Python 3 huipeleka nusu kamili kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kwa viwango hivi matokeo yake ni ya ajabu kidogo: 74.5 inashuka hadi 74, 64.5 hadi 64, 44.5 hadi 44, lakini 29.5 inapanda hadi 30, kwa hiyo katika mipaka yote minne ni mwenye F peke yake anayebebwa.

Mkufunzi alimwonyesha `int(alama + 0.5)`, ambayo hupandisha nusu zote kwa alama zisizo hasi, lakini akamshauri asiiweke kabla ya kuuliza. Kupandisha nusu ni uamuzi wa mwalimu wa taaluma, na ofisi mbili zinaweza kuwa na desturi mbili. Karani aliuandika mstari huo juu ya `if` ya kwanza, akautangulizia alama ya `#` ili usitekelezwe, na pembeni yake akaandika kwamba unasubiri jibu la mwalimu wa taaluma.